Kibali cha Goti

Nchi yenyewe si hii. Tukubaliane hapo kwanza, ili kila mtu akae kwa raha kwenye kiti chake, hasa wale wenye viti vya kuzunguka. Nchi inayosemwa hapa inaitwa Mbwembweni, kwenye ramani haimo, na balozi wake hajulikani anakolala. Kwa hiyo akitokea mtu akaruka akasema "Hao ni sisi," huyo kajisema mwenyewe kwa mdomo wake.

Basi huko Mbwembweni shule hazikuwa na madawati, visima havikuwa na maji, lakini mpira ulikuwepo. Na kwenye mpira alikuwepo Bakiri Ngwale, mtoto wa mchoma mkaa, mshambuliaji mwenye goti la kulia la ajabu. Akilikunja, beki anakwenda sokoni. Akilikunjua, kipa anaokota mpira wavuni. Siku aliyowatandika majirani mabao matatu, Bunge lilikaa kwa dharura likapitisha sheria kwamba goti la kulia la Bakiri Ngwale ni mali ya umma. Wabunge walipiga meza mpaka nyingine zikavunjika. Mwili uliobaki aliachiwa mwenyewe, na wakubwa wakampongeza kwa kubahatika.

Lakini goti haliishi hewani. Goti lina mwenyewe, mwenyewe ana nyumba, na nyumba ina mke. Wakubwa wakalifikiria hilo wakaona ni hatari, wakaunda Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nyumba za Wachezaji. Ghorofa saba, mchezaji mmoja. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Lugumbo, mtu aliyezaliwa nchini lakini akalelewa vikaoni, asiyejua bei ya chumvi wala jina la jirani yake. Na ofisini kwake kulikuwa na kosa moja tu lisilosameheka: kumweleza Mheshimiwa jambo asilolijua.

Wizara ilihamia sebuleni kwa Ngwale. Afisa mmoja alikaa kwenye kochi mchana kutwa, akitazama jinsi mume na mke wanavyoishi. Paka alifukuzwa, kwa sababu angeweza kupita katikati ya miguu. Ugomvi wa mke na mume ulihamishiwa miezi ambayo ligi imesimama. Kulia kulipigwa marufuku, maana wataalamu waligundua kuwa machozi ni maji, na maji yakitoka mwilini goti linakauka.

"Shemeji," Mashavu, mke wa Ngwale, alimwuliza yule afisa siku moja, akimsogezea chai, "nyinyi mtaondoka lini?"

"Mama, serikali haiondoki."

"Hata usiku?"

"Usiku ndio inasikiliza zaidi."

Mashavu akacheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo alivyokuwa mke wa Ngwale. Alicheka kwa mwili mzima, na akitembea alishika kiuno kwa mkono wa kushoto na kuburuza ndala kama mtu anayepiga deki njia nzima. Ukimsikia kwa mbali unajua ni yeye. Naye alimwita mumewe Bwana Goti. "Bwana Goti, njoo ule. Bwana Goti, iulize serikali kama ninaweza kukukanda mgongo." Na Ngwale, ambaye uwanja mzima ulilitaja jina lake kwa mayowe, hakulipenda jina lolote kama hilo.

Mashavu alipopata ujauzito, Wizara ilimsajili mtoto timu ya vijana, winga wa kushoto.

"Akiwa wa kike?" akauliza Mashavu.

Afisa akafikiri. "Mheshimiwa Waziri atalishughulikia."

* * *

Nyumba ya pili alikaa Bi Nyamizi, mwuza maandazi, rika moja na Mashavu, kimo kimoja, ulimi mmoja. Mashavu alikuwa Mbangile na Nyamizi alikuwa Mlowoka, na kila mtu Mbwembweni anajua Wabangile na Walowoka ni watani tangu babu zao walipopigana wakachoka. Wakaamua watukanane badala yake. Mlowoka anaweza kuingia jikoni kwa Mbangile akafunua chungu, akachota, akasema chakula kibaya, na mwenye chungu acheke tu.

Na utani wenyewe unakolea msibani. Akifa Mbangile, mtani wake Mlowoka huvaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akasema kwa sauti ya marehemu, akawagombeza wafiwa, akadai chakula, mpaka maiti itoke. Watu wanacheka huku wanalia. Anayemkasirikia mtani siku hiyo, awe nani awe nani, anashika jembe na kuchimba kaburi. Na liko jambo moja mtani haruhusiwi kabisa: kuvaa nguo za mtu na kumwigiza angali hai. Huo ni uchuro. Hakuna anayethubutu.

Ndiyo maana Nyamizi alikuwa akisimama ugani akiitazama kanga ya manjano ya Mashavu iliyoanikwa, ile yenye pindo jeusi, akaisifia kwa uchu.

"We Mbangile, ufe basi niivae hiyo kanga."

"Utaisubiri mpaka meno yakuishe, Mlowoka mchawi wewe."

"Nakwambia itanipendeza kuliko wewe. Wewe inakufanya kama ndizi iliyoiva sana."

Afisa kwenye kochi alikunja uso. Hakuelewa. Kwao hawana watani, wana wapinzani tu.

* * *

Hospitali ya wilaya alikoishi Ngwale ilikuwa na gari moja la wagonjwa. Ilipopitishwa sheria ya goti, gari lilihamishiwa kwa Ngwale. Likaegeshwa ugani kwake chini ya dirisha, injini inanguruma kutwa kwa sababu likizimwa haliwaki, na dereva wake, Sudi, analala humo humo. Ngwale akienda msikitini, gari nyuma. Akienda kwa kinyozi, gari nyuma. Wagonjwa wa wilaya walipelekwa hospitali kwa mikokoteni ya kubebea maji, na wanapopita waliliangalia gari lile wakasema maskini, angalau goti liko salama. Watu wa Mbwembweni wana moyo mzuri. Ndiyo maradhi yao makubwa.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya fainali ya Kombe la Ujirani Mwema, Mashavu alishikwa na uchungu, na pamoja na uchungu ikatoka damu. Si damu ya kawaida. Nyamizi aliingia mbio, akaangalia, akatoka uso umembadilika.

"Baba, mkimbize huyu. Sasa hivi."

Ngwale akambeba mkewe mpaka ugani, hatua chache tu, gari lile linanguruma, mlango wake wa nyuma uko wazi, shuka nyeupe imetandikwa. Dereva Sudi akasimama mlangoni, mikono ameipanua.

"Kaka, samahani. Gari hili kibali chake ni cha goti."

"Sudi! Mke wangu anakufa!"

"Nakuona kaka. Naona kwa macho yangu. Lakini nikimpakia mtu asiye goti nafungwa, na mimi nina watoto."

"Mwulize afisa!"

Afisa alikuwa ameshashika simu. Aliyempigia alimpigia mwingine, na huyo mwingine alikuwa kwenye kikao cha kupanga kikao. Damu ilikuwa imeshafika kwenye ndala za Ngwale.

Akamlaza Mashavu mikononi mwa Nyamizi. Akaenda kwenye kinu kilichokuwa karibu na mlango, akachomoa mchi, akakunja mguu wa kulia juu ya jiwe, akalipiga goti lile. Pigo moja la mtu aliyekata shauri. Ndege waliruka juu ya mpapai.

"Haya," akasema, amelala chini, jasho linamtiririka. "Goti linauma."

Hapo ndipo ungeiona serikali inavyofanya kazi ikitaka. Sudi aliruka kama nyani. Afisa alipiga kelele. Ngwale aliinuliwa akaingizwa, naye akamvuta Mashavu juu ya mapaja yake, kwa sababu kibali hakikukataza goti kubeba kitu. King'ora kikalia, njia zikafunguka, mbuzi wakatupwa mitaroni.

Mashavu kichwa chake kilikuwa kifuani kwa mumewe. Alikuwa mweupe midomo, lakini akatabasamu.

"Bwana Goti," alisema polepole, "leo limetufaa."

Hospitalini madaktari walikuwa wamepangwa mstari getini, na maua. Wote walikuwepo, yule wa mifupa, yule wa macho, hata yule wa meno aliitwa, maana taifa ni taifa. Wakamshusha Ngwale kama yai. Mashavu wakamweka kwenye benchi la ukumbini.

"Subiri kidogo mama," wakamwambia.

"Yeye kwanza!" Ngwale akapiga kelele. "Mimi sina kitu! Yeye kwanza!"

"Linauma wapi, Mchezaji?" akauliza Daktari Mkuu kwa upole, amechuchumaa kwenye goti.

"Yule pale! Mtazameni yule pale!"

"Amepata mshtuko," Daktari Mkuu akawaambia wenzake. Wakamshika mikono na miguu, wakamchoma sindano ya kulala, ili goti lipumzike.

Alipozinduka, goti lilikuwa limefungwa bendeji nyeupe yenye bendera ya taifa. Daktari Mkuu alikuwa anacheka.

"Hongera! Halikuvunjika. Litacheza fainali."

Ngwale akageuza kichwa. Mlango ulikuwa wazi, na kule ukumbini aliliona benchi. Mashavu alikuwa bado juu yake. Kanga ya manjano ilikuwa imemfunika mpaka usoni, na miguu imetokeza, imevaa ndala moja. Hakuna aliyekuwa amemsogeza. Mtoto alikuwa bado ndani yake.

* * *

Mheshimiwa Dakta Lugumbo alifika na msafara. Aliketi kwenye kitanda cha Ngwale, akamshika goti.

"Kijana, serikali imepokea taarifa ya tukio la mkeo kwa utulivu mkubwa."

"Amekufa, Mheshimiwa. Si tukio. Nipeni mke wangu nikamzike."

"Hapana, hapana, usiende kasi. Wataalamu wetu wamekaa. Kifo hiki, ukikitazama kitaalamu, kimekuja katika wakati usiofaa. Mchezaji mwenye msiba hafungi mabao, hilo limefanyiwa utafiti. Kwa hiyo, kwa maslahi ya taifa, kifo hicho kimeahirishwa."

Ngwale alidhani dawa ya usingizi bado imo kichwani.

"Kimeahirishwa vipi?"

"Mpaka kipyenga cha mwisho cha fainali. Kwa sasa mkeo ni mgonjwa. Yuko Wodi Baridi, anaendelea vizuri."

Wodi Baridi ndilo jina jipya la mochwari. Walishabadilisha na kibao. Jioni redio ilitangaza kuwa mke wa Goti la Taifa anaendelea vizuri na amewashukuru wananchi kwa salamu zao. Maiti kwa Wabangile hailali mara mbili, na mume ndiye anayeshuka kaburini kuipokea. Ngwale aliomba, akapiga magoti, akainuliwa haraka kwa sababu kupiga magoti kunachubua. Alitaka kulia, wakampa leso na onyo.

Wakamfungia kambini. Na huko akapiga hesabu ya mtu aliyefungwa: nitacheza, kipyenga kitalia, watanipa mwili wangu. Maana alikuwa akimwita hivyo sasa, mwili wangu.

Lakini siku ya mechi, wakati wa kuvaa viatu, akamwuliza Waziri swali moja.

"Tukishinda, Mheshimiwa, ninamzika leo leo?"

"Mkishinda," alisema Waziri, amefurahi kuulizwa, "kwa mujibu wa sheria unaanza Mwezi wa Furaha ya Taifa. Misiba yote hupigwa marufuku. Ungezika katikati ya furaha?"

"Na tukifungwa?"

"Mkifungwa unaanza Mwezi wa Huzuni ya Taifa. Huzuni yote ni ya timu. Mtu kujichukulia huzuni yake binafsi ni ubadhirifu."

"Na tukitoka sare?"

Waziri akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kijana, fainali haina sare! Cheza tu. Na usiwe na wasiwasi na wananchi. Mkeo atakuwepo jukwaani, amekaa karibu na mimi kabisa. Tumekuteulia Kaimu Mke."

* * *

Haya ya Kaimu Mke Ngwale aliyasikia baadaye, lakini yafaa yasemwe hapa.

Watu walishaanza kunong'ona. Yuko wapi Mashavu? Mbona haonekani? Wizara ikaamua apatikane mwanamke wa kimo chake, anayeweza kutembea kama yeye na kucheka kama yeye, apungie mkono kamera. Wakatafuta waigizaji, wakashindwa. Mwishoni yule afisa wa kochi akakumbuka kuwa jirani ana umbo lile lile na anamjua Mashavu ndani nje. Wakamwita Bi Nyamizi ghorofa ya saba.

"Unaweza kumwigiza mke wa Mchezaji?" akauliza Waziri.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Anaendelea vizuri."

"Anaendelea kwenda wapi?"

"Jibu swali, mama."

Nyamizi akaomba nguo. Wakamletea mfuko. Akatoa kanga ya manjano yenye pindo jeusi, akaifunua. Pindo lilikuwa gumu kwa damu iliyokauka, na kanga nzima ilikuwa baridi na ilinuka karafuu maiti. Akainamisha kichwa. Makarani waliokuwepo, Wabangile kwa Walowoka, waliangaliana, kisha wakaangalia dari. Wote walijua mtani huivaa nguo hiyo lini. Lakini kumweleza Mheshimiwa jambo asilolijua lilikuwa kosa, na makarani ni watu wa sheria.

"Utaweza?" akauliza Waziri.

"Mheshimiwa," alisema Nyamizi, akiikunja kanga ile taratibu kama anayemlaza mtoto, "kazi hii nimezaliwa nayo."

* * *

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya nguzo za taa. Ngwale alicheza kama mtu anayechota maji kwa tenga. Goti lilikuwa limevimba ndani ya bendeji, na nje ya uwanja gari la Sudi lilinguruma. Majirani walifunga moja, Mbwembweni wakarudisha. Dakika za mwisho beki wa majirani akaunawa mpira ndani ya boksi. Penalti.

Uwanja mzima ukasimama. "Goti! Goti! Goti!"

Ngwale akauweka mpira kwenye nukta. Akarudi nyuma. Akatazama goli. Akifunga, Mashavu anabaki kwenye jokofu, watu wanacheza ngoma. Akikosa, Mashavu anabaki kwenye jokofu, watu wanalilia kombe. Alisimama hapo, na hasira ikampanda toka nyayoni, hasira ambayo haikuwa na pa kwenda kwa sababu wenye makosa hawakuwa golini, walikuwa jukwaani wanakula korosho.

Ndipo aliposikia ndala.

Zinaburuzwa. Zinapiga deki. Watu wa jukwaa kuu waligeuka, na baada yao wengine, na kelele ikaanza kufa safu kwa safu kama taa zinazozimwa. Mwanamke wa kanga ya manjano alikuwa anashuka ngazi, mkono wa kushoto kiunoni. Kicheko kikamtoka mwili mzima, akashika ukuta.

"We Bwana Goti!" akaita kwa sauti ya Mashavu. "Unafanya nini huko na mpira, wali unapoa! Mwanaume gani wewe, mkeo yuko kwenye jokofu na samaki, wewe unacheza!"

Watu walimtazama uso. Hakuwa Mashavu. Alikuwa Nyamizi, Mlowoka, kavaa kanga ya Mbangile.

Hapakuwa na tangazo. Hapakuhitajika. Mama mmoja upande wa mashariki alipiga ukunga mrefu, na uwanja mzima ukaelewa mara moja. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakakaa chini, kanga zikateremka kichwani. Wachezaji wakaketi kwenye nyasi. Hata kipa wa majirani akavua glovu zake akaziweka pembeni, maana kwao pia wana watani, mpaka wa nchi haukukata hilo.

"Nini hiki?" Waziri alikuwa anapiga kelele. "Mbona wamekaa? Washangilieni! Pigeni ngoma!"

Nyamizi akamgeukia, akampigia goti kama mkwe.

"Shikamoo baba Waziri! Ahsante kwa kuniahirisha. Lakini nimekufa baba, nisamehe, nilipitiwa. Kwenye benchi pale ubao ulikuwa mgumu, nikaona bora nife. Gari lilikuwepo ila halikuwa langu, mimi sina goti, mimi nina tumbo tu. Na mwanao winga wa kushoto amekusalimu. Anauliza, mazoezi saa ngapi?"

Watu walicheka. Walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa.

"Kamata huyu!" Waziri akafoka, mate yanaruka. "Mpumbavu mkubwa! Mwongo! Nitamfunga maisha!"

Askari hawakusogea. Walishavua kofia tangu mwanzo.

"Kakasirika," alisema mtu mmoja, taratibu.

"Kakasirika!" wengine wakaitika. "Kakasirika! Mheshimiwa kakasirika!"

"Kakasirika na nini? Mimi ni Waziri! Nina haki ya kukasirika!"

"Jembe!" uwanja ukaitikia. "Jembe! Jembe! Jembe!" Kwa mdundo ule ule wa kuita goti.

Bakiri Ngwale akauacha mpira pale kwenye nukta. Akatoka nje ya uwanja akichechemea, na watu wakainuka wakamfuata.

* * *

Mochwari walifungua wenyewe. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuzuia umati ule. Mashavu alibebwa mabegani, kutoka mjini mpaka makaburi ya Wabangile, na Waziri alikuwa ametangulizwa na jembe mkononi. Suti ilichanika kwapani. Alichimba kwa kuhema, na Nyamizi alilala ndani ya kaburi kila baada ya muda akisema, "Fupi hili, baba! Miguu yangu itokeze nje niombe lifti?" Waziri hakukasirika tena. Redio ya taifa, ambayo haikosi la kusema, ilitangaza kwamba Mheshimiwa Dakta Lugumbo leo amezindua kaburi, na kuwataka wananchi wa wilaya hiyo walitunze.

Ngwale alishuka kaburini kumpokea mkewe. Alipiga goti kwenye udongo, lile lile la umma, na hakuna aliyemwinua. Lakini chozi halikumtoka. Lilikuwa limekatazwa muda mrefu mno.

Nyuma ya umati, polepole, taa zake zikimulika, likafuata gari la wagonjwa. Tupu. Linafuata goti.

Watu walikaa matanga ugani kwake, na gari likarudi mahali pake chini ya dirisha, linanguruma. Ngwale alikaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha. Wizara ikamtumia ujumbe kuwa fainali itarudiwa. Akautia kwenye jiko la maandazi ya Nyamizi.

Matanga hayajaanuliwa, mke wa kinyozi, binti mdogo mwenye mimba ya kwanza, akashikwa na uchungu pale pale kwenye mkeka, na maji yakamwagika yana damu. Wanawake wakamwinua mpaka kwenye gari. Sudi akasimama mlangoni.

"Jamani, mnajua," akasema, karibu analia. "Kibali ni cha goti."

Watu wakamtazama mfiwa.

Ngwale akainuka kwenye mkeka. Akaenda akichechemea, akapanda gari, akaketi, akamvuta yule binti kwenye mapaja yake.

"Linauma," akasema. "Twende."

King'ora kikalia. Getini madaktari walikuwa kwenye mstari, na maua. Daktari Mkuu akachuchumaa.

"Linauma wapi, Mchezaji?"

Ngwale hakupiga kelele safari hii. Alikuwa ameshika nguzo ya machela kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameukunja ngumi. Akanyoosha kidole kwa yule binti.

"Hapo."

"Lakini hilo ni tumbo la huyu mama."

"Goti ni la nani, Daktari?"

"La taifa."

"Basi taifa linauma hapo. Na mtu asinishike mimi kabla hajamshika yeye. Akinishika, naliponda goti hili hapa hapa mbele yenu, mkamweleze Waziri."

Madaktari wakaangaliana. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na kifungu kinachosema goti lazima liume gotini, wakaanza kukimbia.

Ngwale aliketi kwenye benchi la ukumbini. Aliujua ubao wake. Alikaa hapo mpaka aliposikia mtoto analia ndani, na hapo, bila kibali cha mtu yeyote, na yeye akalia.

Hakucheza tena. Wizara inashangaa mpaka leo: goti lile linaendelea vizuri, lakini linashikwa ghafla kila mwanamke wa wilaya anapokaribia kujifungua. Tume imeundwa.

Na nchi yenyewe, kama ilivyosemwa, si hii. Huku kwetu magari ya wagonjwa yapo. Nendeni tu mkatazame yameegeshwa mlangoni kwa nani.